Maji Hayajui Ngazi

Saa kumi jioni, siku ya Jumamosi, Tomma Eilers alimimina chai kwenye kikombe chenye ua jekundu na kusikiliza sukari ya mawe ikipasuka ndani yake. Kengele ya mlango ikalia. Hakuwa anamtarajia mtu. Tangu ahamie Berlin mwanzoni mwa kiangazi, waliopiga kengele yake walikuwa watu waliokosea mlango, na mmoja aliyetaka kujua kama ameokoka.

Aligeuza kiti chake cha magurudumu, akaenda kufungua. Mlangoni alisimama mzee mrefu, amevaa gambuti na koti la mvua la manjano, maji yakimtiririka na kulowesha mkeka, ingawa nje jua lilikuwa linawaka. Tomma alimtazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyemjua. Kisha mzee akavua kofia, na kovu likaonekana juu ya jicho la kushoto, pale alipowahi kupigwa na mpini wa lango la maji.

"Moin," mzee akasema, kama kwao wanavyosalimiana asubuhi, mchana na jioni.

"Mzee Habbo," Tomma akasema. "Futa miguu kwanza."

Habbo Onken alikuwa mlinzi wa lango la maji kijijini kwao, kule Ostfriesland, pwani ya kaskazini, ambako mashamba yako chini kuliko bahari na kilichoyatenga ni tuta refu la udongo lenye majani na kondoo, na lango hilo la kupitishia maji. Alikufa wakati Tomma bado anasoma. Walimzika siku ya upepo, na kofia ya mchungaji ikaja kupatikana kesho yake kwenye shamba la kabichi. Tomma alikuwepo mazishini, kwa hiyo hakuona haja ya kumwuliza kama kweli alikufa. Alimwuliza kama atakunywa chai.

"Hilo nalo ni swali?" mzee akasema, akaketi.

Tomma akamwekea sukari ya mawe, akammiminia chai, kisha akatelezesha malai ukingoni mwa kikombe, yakazama na kupanda tena kama kiwingu. Habbo hakukoroga. Mtu wa kwao hakorogi. Huanza na malai, akaingia kwenye uchungu, na mwisho kabisa hukutana na utamu uliojificha chini. Na katikati ya safari hiyo hasemi neno.

Vikombe vitatu ni haki ya mgeni. Baada ya hapo mwenyeji huendelea kumimina, na hataacha mpaka mgeni aweke kijiko ndani ya kikombe. Kijiko kikiwa bado juu ya kisahani, ziara haijaisha. Wageni wengi kutoka mijini wamewahi kuteseka kwa kutolijua hilo, wakinywa na kunywa huku macho yakiwatoka, na wenyeji wao nao wakimimina kwa uchovu, kila upande ukiulaani ulafi wa mwenzake.

"Nimesikia lifti imekufa," Habbo alisema alipomaliza kikombe cha kwanza.

"Haijafa. Wameandika kwamba imesimama kwa muda kwa sababu za kiufundi."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofika."

"Basi imekufa," Habbo akasema, kwa sauti ya mtu anayeijua tofauti.

Tomma alihamia Berlin kwa sababu hakuwa na gari. Zamani basi lilimchukua kijijini kila asubuhi na kumfikisha mji wa jirani, kwenye duka la muziki alikokuwa akitengeneza kodiani. Kisha basi likawa la siku za shule tu. Kisha likafutwa, na kibanda cha kituo kikabaki peke yake mpaka kondoo wakakifanya zizi. Kila mtu alimwambia: nenda jiji kubwa, Tomma, kule treni haziishi, kule asiye na gari ni mtu kama watu. Aliamini. Alipata kazi kwenye karakana ya kodiani ya Bi. Aydemir, upande wa pili wa jiji, na akapata nyumba ya chini kabisa katika mtaa wa Gerberdamm, karibu na stesheni. Aliuliza kama kuna unyevu ukutani. Aliuliza upepo unatokea upande gani, na kama mtaa umewahi kufurika. Hakuuliza kama treni inapita chini au juu, maana mtu aliyekulia kwenye nchi tambarare hawezi kuwaza kwamba watu wenye akili zao watachukua treni na kuiweka juu ya nguzo.

Sasa treni ilipita juu ya nguzo, ngazi ndefu ya mawe ilipanda kuiendea, na lifti ilikaa pembeni imefungwa, na kibandiko cha kuomba radhi kilichoanza kufifia. Tomma alikwenda kazini kwa mabasi matatu. Dereva wa kwanza alisema ubao wa kupandishia umekwama. Wa pili alisema ndani kuna vigari vya watoto viwili, asubiri linalofuata. Wa tatu hakusema kitu kwa sababu hakusimama. Bi. Aydemir alikuwa mwajiri mvumilivu, lakini miezi ya majaribio ilikuwa inaisha mwishoni mwa Novemba, na alikwisha kumwambia, bila ukali, kwamba kodiani ya mteja haitengenezwi kwa samahani. Kazi ikipotea, nyumba ingeifuata, na Tomma angerudi kwenye kijiji kisicho na basi.

"Na ule ubao wako?" Habbo aliuliza katikati ya kikombe cha pili. "Uliuleta?"

Ulikuwa umeegemea ukuta nyuma ya mlango. Tomma aliuleta Berlin jinsi wengine wanavyoleta picha ya mama.

Kijijini kila nyumba ilikuwa na ubao wa Tomma. Hakuna aliyeamuru. Alipokuwa mdogo, babake alichonga wa kwanza na kuuweka kwenye kizingiti cha kanisa. Wiki iliyofuata mwoka mikate akawa na wake, kisha posta, kisha Bi. Swaantje aliyekuwa hapendi watoto, kisha nyumba zote mpaka mwisho wa barabara. Mbao zilikaa nyuma ya milango pamoja na mafagio na miavuli. Ilitosha magurudumu yasikike kwenye matofali ya njia, na mtu angeinuka, aandae ubao bila kukatiza mazungumzo yake, kama anavyomfungulia paka. Wakati mwingine, akiwa kwenye basi la Berlin na watu wakitazama saa zao huku dereva akihangaika na kipande cha chuma, Tomma alisikia masikioni mwake sauti ile ya ubao kuangukia kizingiti: *tapu*. Wala haikuwa sauti nzuri. Lakini alipoisikia, macho yalimjaa machozi, akajifanya anatafuta kitu mkobani.

"Maji hayajui ngazi," Habbo akasema. "Nilikuambia ukiwa mdogo."

"Uliniambia nikae mbali na mpini."

"Nilikuambia vyote viwili." Mzee akavuta mvuke wa chai. "Jumatatu asubuhi nenda na ubao wako chini ya ngazi. Kaa juu yake, funga breki. Maji yatakuja. Yatakuja mara mbili kwa siku, na kila siku yatachelewa kidogo, kama kawaida yake."

"Mpaka lini?"

Habbo alimiminiwa kikombe cha tatu, akanywa nusu yake, akakirudisha mezani. Kijiko akakilaza juu ya kisahani.

"Mpaka nitakapomaliza ziara," akasema. "Usikioshe hiki. Kijiko usikiguse. Ila niahidi jambo moja, binti. Siku watakapokosa maji nyumbani, utakitia kijiko kikombeni kwa mkono wako. Mimi mkono wangu haushiki vizuri siku hizi."

Tomma akacheka. Nyumbani kwao watu wamekosa mabasi, wamekosa mchungaji, wamekosa daktari. Maji hawajawahi kuyakosa tangu dunia iumbwe. Ilikuwa kama kuahidi jambo la siku mbingu zitakapokosa anga.

"Naahidi," akasema.

Mzee akavaa kofia yake, akatoka, akaacha dimbwi dogo la maji ya chumvi chini ya kiti.

Jumatatu saa moja asubuhi Tomma aliuweka ubao chini ya ngazi za Gerberdamm, akapanda juu yake, akafunga breki. Maji yalitokea kwenye vidirisha vya mtaro pembeni mwa barabara, ya rangi ya kahawia na kijivu, yakiwa na harufu ya tope na mwani. Hayakwenda kwenye duka la mikate wala kwenye saluni. Yaliifuata ngazi peke yake, yakaipanda taratibu, daraja kwa daraja, kama mgeni anayeijua njia. Ubao ukaelea. Tomma akashika kishikio cha ukutani asizunguke, na baada ya muda si mrefu magurudumu yake yalikuwa sawasawa na jukwaa.

"Unaziba njia, mama," alisema mwanamume mwenye mkoba, akikunja suruali.

"Pita kushoto," Tomma akamjibu. "Kina kifupi huko."

Mwanamume akapita kushoto.

Mwisho wa juma hilo mwenye kibanda cha magazeti aliagiza gambuti za saizi zote. Wenye mbwa waliwafundisha kuogelea. Kipaza sauti cha stesheni kilianza kutangaza kwamba treni haikuchelewa, ila maji yamewahi kwa sababu ya upepo wa kaskazini-magharibi, na abiria waliguna kama wanavyoguna siku zote. Watu wengine wa viti vya magurudumu wakapata habari, wakaja kutoka mitaa ya mbali na mbao zao, milango ya makabati, meza zilizokatwa miguu. Kampuni ya reli ikaja nayo. Mafundi wawili wakabandua kibandiko kilichofifia kwenye lifti na kubandika ratiba ya maji kujaa na kupwa, yenye rangi nzuri. Juu yake waliandika: *Stesheni hii inafikika na watu wote.*

Bi. Aydemir aliposikia kwamba fundi wake atakuwa anakuja na maji, alifikiri kidogo, akampa ufunguo wa karakana.

"Nina mteja ananiletea kodiani kila mwezi mwandamo," akasema. "Na wewe njoo na mwezi wako. Kama kazi inatoka, mimi sigombani na mbingu."

Kazi ilitoka. Siku maji yalipojaa asubuhi, Tomma alikaa kutwa. Siku yalipojaa mchana, alifungua karakana mchana na kufunga wengine wakiwa wamelala. Alizoea. Jiji lilimfungukia. Alikwenda sokoni, alikwenda kusikiliza kwaya, alikwenda bila sababu, ambalo ndilo jambo aliloliota zaidi: kutoka nyumbani bila sababu, kama mtu mwingine yeyote. Na nyumbani mezani, kikombe cha Mzee Habbo kiliendelea kufuka moshi, na kijiko kilikaa juu ya kisahani.

Juu ya Tomma, ghorofa ya nne, aliishi Bi. Rosemarie Kulicke. Walijuana kwa kikapu. Nyumba ile haikuwa na lifti hata ya kufa, na Bi. Kulicke, tangu avunjike nyonga, hakuwa ameshuka. Aliteremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani, jirani akatia mkate, akapandisha. Tomma alipofika alianza kutia chupa ya chai.

"We mtoto wa matope!" Bi. Kulicke alimwita kutoka juu, sauti ikijaa uwanja wote wa ndani. "Chai yako inasimamisha kijiko!"

"Kwetu ndiyo chai, Bi. Kulicke. Hiyo yenu ni maji yaliyopita karibu na jani."

"Kwenu! Nasikia kwenu mlima mrefu kuliko yote ni gunia la viazi."

"Siku hizi tuna magunia mawili."

Bi. Kulicke alicheka mpaka akakohoa, akafunga dirisha. Lakini siku moja mwishoni mwa Oktoba hakufunga. Alikaa ameegemea kizingiti, akasema kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake kwamba Jumapili ya Wafu, siku ya kuyatembelea makaburi, inakaribia na kaburi la Horst, mumewe, lina mwaka wa pili halijaona mkono. Makaburi yako nyuma ya mtaa. Kutoka dirishani mwake aliiona miti yake.

Tomma akaitazama ratiba. Asubuhi ya Jumapili ya Wafu palikuwa na maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko siku zote.

Asubuhi hiyo ya Novemba maji yaliingia kwenye mlango wa jengo, yakapanda ngazi za mbao, yakapita ghorofa ya kwanza ambako mtu alifungua mlango, akachukua gazeti lake kabla halijalowa, akafunga. Tomma, juu ya ubao wake, alifika ghorofa ya nne akiwa ameshika kishikio cha ngazi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Bi. Kulicke usoni kwa usawa. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alikuwa amevaa koti jeusi na kofia, ameketi kwenye kiti cha jikoni, tayari, na ndoo ya maua yanayovumilia baridi mapajani.

"Umechelewa," akasema.

"Upepo wa mashariki."

Bi. Kulicke akahamia ubaoni na kiti chake, wakashuka pamoja maji yakipwa, taratibu, ghorofa kwa ghorofa. Nje Bi. Kulicke aliegemea mgongo wa kiti cha Tomma kama kigari cha kutembelea, mmoja akisukuma na mwenzake akiongoza, wakaenda makaburini. Bi. Kulicke alilifagia kaburi kwa ufagio mdogo, akamweleza Horst kwa kirefu ni nani amepandisha kodi na nani amekufa. Kisha wakakaa kwa Tomma, wakanywa chai, wakisubiri maji ya jioni yampandishe. Kikombe cha nne kilipomiminwa, Bi. Kulicke akaanza kumtazama Tomma kwa shaka.

"Mtoto, unataka kuniua?"

"Weka kijiko ndani."

"Si ungesema!" Akakitia kijiko kikombeni. Halafu macho yake yakaenda kwenye kile kikombe kingine kilichokuwa kikifuka peke yake mwisho wa meza. "Na huyo mbona hajaweka?"

Tomma akamweleza. Bi. Kulicke alisikiliza akitikisa kichwa, kama mtu anayeelezwa jinsi bomba linavyofanya kazi.

"Basi bamvua ijayo," akasema maji yalipobisha mlangoni, "nataka kwenda kuona ziwa. Nataka tu kuona kama bado lipo."

Tomma hakuahidi. Alisema tutaona, lakini moyoni alikwisha kujiona naye kando ya ziwa.

Siku mbili baadaye shangazi yake Hiske alipiga simu. Shangazi Hiske alikuwa akikata tiketi za feri iendayo kisiwa kilicho mbele ya kijiji, pale pale kwenye lango la maji la zamani, na huwa hapigi simu ila pana jambo, kwa sababu anaamini simu huchakaa.

"Nilikuandikia Oktoba kwamba maji yanapungua," akasema. "Nikadhani ni upepo."

"Sasa?"

"Sasa hayafiki, mwanangu. Yanakuja mpaka kwenye nguzo ya tatu, yanasimama kama yamesahau kitu, yanarudi. Feri imekaa kwenye tope tangu Jumapili. Kisiwani mkate umekwisha. Na Janna…"

Tomma alimjua Janna. Alikuwa msichana mwingine mwenye magurudumu, wa kisiwani, na kila kiangazi walishindana mbio juu ya tuta, upepo ukiwasukuma, kondoo wakiruka pembeni. Janna alishinda mara nyingi, na hakuacha kulitaja hilo kwenye kadi zake za Krismasi.

"Janna ana miadi ya hospitali," Shangazi Hiske akaendelea. "Wamempeleka mpaka gati la kwao kule kisiwani. Lakini bila maji daraja la feri linaning'inia kama ngazi ya kuku. Jana wamemrudisha. Leo wamemrudisha. Anakaa pale anaangalia tope, hasemi kitu. Unamjua Janna, asiposema kitu."

Tomma alikitazama kikombe cha Mzee Habbo. Moshi ulikuwa unapanda wima.

"Kesho kutwa yatafika," akasema.

"Umejuaje?"

"Niliahidi."

Shangazi Hiske hakuuliza zaidi. Kwao, neno hilo likishasemwa, wengine hukaa kimya.

Tomma alijipa siku moja, akaitumia yote. Kwanza aliipigia kampuni ya reli kuuliza lifti ya Gerberdamm itatengenezwa lini. Mwanamke mwenye sauti ya upole alitafuta muda mrefu.

"Gerberdamm haimo tena kwenye matengenezo, dada. Gerberdamm ina maji."

"Maji yatarudi kwao."

"Yakirudi utatuarifu, tutaiingiza upya. Itabidi ianzie mwisho wa foleni. Lakini kwa sasa hapa kwetu inaonekana inafikika na watu wote."

Kisha alimwambia Bi. Aydemir. Siku hiyo hiyo Bi. Aydemir alikuwa amemwita ofisini kumpa habari njema: majaribio yamekwisha, kazi ni yake. Ila msimu wa Krismasi unaanza, wateja watapanga foleni, na kuanzia kesho anamhitaji saa mbili asubuhi, kila siku.

"Nilidhani ratiba yako inaruhusu," akasema. "Nimeitazama. Siku hizi zijazo maji yanajaa mapema."

"Hayatajaa, Bi. Aydemir."

Bi. Aydemir akapapasa mvukuto wa kodiani iliyokuwa mezani. "Ufike tu, binti," akasema hatimaye. "Jinsi ya kufika siulizi. Lakini ufike."

Mwisho akamwita Bi. Kulicke kutoka uwanjani. Dirisha likafunguka, kikapu kikaanza kushuka.

"Leo si chai," Tomma akasema, na akamwambia.

Kikapu kikasimama hewani.

"Huyo Janna," Bi. Kulicke akasema hatimaye, "ni mjinga kama wewe?"

"Zaidi. Ananishinda mbio."

"Basi mpe maji yake. Mimi nilikuwa huku juu kabla ya maji, nitakuwa huku juu baada ya maji." Akaikaza kamba. "Ziwa haliendi popote. Na chai usijifanye umesahau, we mtoto wa matope. Kikapu hicho."

Tomma aliitia chupa ya chai kikapuni, na kikapu kikapanda.

Akarudi ndani. Aliketi mezani mbele ya kikombe cha Mzee Habbo, akakumbuka lango la maji: mpini uliokuwa baridi hata kiangazi, mikono ya mzee juu ya mikono yake, na mlio wa kwanza wa chuma, kisha ule mtetemo maji yalipoanza kuingia, ambao mtu aliusikia mifupani kabla ya masikioni. Alikuwa na miaka michache tu. Alidhani wakati ule kwamba ni yeye aliyeileta bahari. Mzee alimwacha adhani hivyo.

Alitamani angalau bamvua moja zaidi. Aliona aibu kuitamani, na bado aliitamani.

Akakishika kijiko, akakiweka ndani ya kikombe. Kiligonga ukuta wa kikombe mara moja, kidogo. Moshi ukakoma. Mahali fulani chini ya barabara kitu kizito kiligeuka, kikaanza kuondoka, na kwa muda glasi kwenye kabati zikatetemeka. Tomma akasubiri mpaka zikatulia. Kisha akakiosha kikombe, akakifuta, akakiweka pamoja na vingine.

Kesho yake aliamka kabla ya mapambazuko, akapita chini ya stesheni akielekea kituo cha basi la kwanza. Ngazi za Gerberdamm zilikuwa zimekauka, zikiwa na ukanda wa mwani kwenye daraja la katikati na kaa mdogo aliyekuwa akijaribu kuamua aende wapi. Chini ya ngazi watu walisimama na gambuti zao. Mwanamume mzee aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu alikuwa amekaa tayari juu ya mlango wa kabati, breki amefunga. Mlinzi wa kampuni alikuwa akiwaelekeza kwenye ratiba.

"Imeandikwa saa moja," alikuwa akisema. "Subirini. Stesheni hii inafikika."

Tomma akasimama kando ya yule mzee, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hayatakuja, na kwamba akiharakisha wanaweza kupanda basi pamoja, mmoja baada ya mwingine. Mzee aliitazama ratiba, akamtazama Tomma, akafungua breki. Tomma akamwokota kaa, akamtia kwenye kikombe cha juu cha chupa yake ya chai pamoja na mwani kidogo.

Dereva wa basi la kwanza alisema ubao umekwama.

"Huu haujakwama," Tomma akasema, akauvuta ubao wake kutoka mgongoni mwa kiti na kuuangusha kwenye mlango wa basi. *Tapu.* Mzee akapanda. Kwa Tomma hapakuwa tena na nafasi. Akauvuta ubao, basi likaondoka, akabaki kituoni.

Simu ikalia. Nyuma ya sauti ya Shangazi Hiske kulikuwa na shakwe, na upepo, na injini iliyokuwa ikinguruma kwa furaha.

"Yamefika!" shangazi alipaza sauti. "Yamefika mpaka kwenye alama aliyochonga babu gatini! Janna amepanda, amevuka, anasema uambiwe kwamba hata melini amekutangulia. Tomma? Na wewe uko wapi, mwanangu?"

Barabarani lilikuwa halijatokea basi lolote. Ilikuwa bado giza, na karakana ilikuwa upande wa pili wa jiji. Tomma akaufunga ubao mgongoni, akaangalia kama kaa amekaa vizuri, akashika magurudumu kwa mikono miwili.

"Mimi niko njiani, shangazi," akasema, akaanza kwenda.